Mshahara wa dada umepanda, mbona hela haijaonekana?

Mwezi wa nne mwaka huu wa 2025 dada yangu mkubwa, yuko Leicester kule Uingereza mwaka wa kumi na saba sasa, alituandikia kwenye grupu la familia kwamba amepandishwa, sio mlezi wa kawaida tena pale kwenye nyumba ya wazee anapofanya kazi, sa hivi yeye ndo kiongozi wa zamu na mshahara umepanda. Tulifurahi kweli. Mama alituma sauti ya dakika mbili nzima anamwombea, mdogo wetu wa mwisho akaweka yale makofi mengi mengi, na baba mdogo akaandika kitu ambacho mpaka leo nakikumbuka neno kwa neno: "Mvua imenyesha huko juu, sisi wa chini tunasafisha mfereji."

Kwa asiyetujua, sisi kwetu ni Kibosho, Kilimanjaro, na migomba ya kwetu imekunywa maji ya mfereji tangu enzi za babu. Maji yanatoka juu msituni, yanapita kihamba (shamba la nyumbani) cha huyu, yanapita cha yule, kwa zamu, na ukisikia mvua imepiga huko juu unachukua jembe unaenda kutoa matope kwako maana unajua zamu yako maji yatakuwa mengi. Baba mdogo hakuwa na ubaya wowote, alikuwa anasema jambo la kawaida kabisa, maji yakijaa juu na chini yanafika.

Basi hayakufika. Wiki mbili baadaye kaka aliomba hela ya kufungua injini ya bodaboda, mama akataja bati la jikoni linavuja, mtoto wa kaka alikuwa anadaiwa mabaki ya ada, na dada akawa kimya, afu akatuma pungufu ya ile anayotumaga siku zote. Pungufu, yaani baada ya kupandishwa! Hapo ndo maneno yakaanza, sio kwenye grupu, pembeni pembeni, simu moja moja. Amebadilika. Uzungu umemwingia. Mimi mwenyewe nilisema, sitaficha, nilimwambia kaka "mtu akipata ndo utamjua", na hilo neno linaniuma mpaka leo ndio maana naandika.

Mimi ni karani wa mikopo kwenye SACCOS hapa Moshi mjini. Kazi yangu ya kila siku ni kusoma salari slipu za watu. Mwalimu anakuja, nesi anakuja, mlinzi anakuja, naangalia basic, naangalia makato, naangalia kinachobaki, na kuna sheria moja ambayo karani yeyote wa mikopo anaijua hata ukimwamsha usiku: theluthi moja ya mshahara lazima ibaki mkononi mwa mtu. Ukimkata mpaka ikashuka chini ya theluthi hatoishi, ataanza kukopa kwa wale wa mtaani wanaoshika kadi za benki. Nimewarudisha watu wengi kwenye ile kaunta kwa ajili ya theluthi tu, wengine wanalia, nawaambia naelewa lakini haiwezekani.

Kwa hiyo siku dada alipochoka kusemwa akanipigia, ilikuwa Jumapili jioni, akaniambia mdogo wangu wewe si ndo unasoma slipu za watu, hebu soma na yangu. Akanitumia picha mbili. Moja slipu ya mshahara. Nyingine ni karatasi ya Universal Credit, hiyo ni posho ya serikali ya kule kwa watu wenye kipato kidogo, walio kazini na wasio kazini, inaangalia una watoto wangapi, kodi ya nyumba shilingi ngapi, mnaishi wangapi, afu wanaangalia umeingiza kiasi gani mwezi huo wanapunguza. Dada ana watoto wawili, analea peke yake tangu aachane na shemeji, nyumba ni ya kupanga. Ndo hiyo posho inayomshikilia. Mimi miaka yote nilikuwa sijui kama anapata kitu kama hicho, nilijua tu "dada yuko Ulaya", na nadhani wengi wetu tuko hivyo hivyo na ndugu zetu. (Sio kila aliyeko kule anapata, wengi walioenda miaka ya karibuni kwa viza ya kazi za ulezi viza yenyewe imeandikwa hawana ruhusa ya fedha za umma. Dada ameshapata uraia ndo maana.)

Jumatatu mchana wenzangu wameenda kula nikageuza fomu ya mkopo iliyoharibika nikaanza kupiga hesabu nyuma yake.

Nyongeza ya dada ni kama pauni 200 kwa mwezi. Ukibadilisha hapa ni zaidi ya laki sita, hiyo ndo hela ambayo kila mtu kwenye grupu alikuwa ameshaigawa kichwani. Sasa twende taratibu. Kwenye ile 200, kodi ya mapato ni asilimia 20, zinaondoka pauni 40. Kuna mchango unaitwa National Insurance, tuseme unafanana fanana na NSSF yetu, asilimia 8, zinaondoka 16. Zinabaki 144. Mpaka hapo hakuna ajabu, hata mwalimu wa Kibosho anakatwa.

Ajabu inaanzia hapo. Ile 144 inaonekana kwenye mfumo wa Universal Credit, maana mwajiri akimlipa mtu taarifa zinaenda mamlaka ya kodi na zinavuka mpaka huku kwenye posho zenyewe, huhitaji kujaza fomu. Na kanuni yao ni kwamba kila pauni moja inayoingia mkononi kutokana na kazi, posho inashuka kwa senti 55. Kuna kiasi cha mwanzo hawakigusi ukiwa na watoto, kwa mwaka wa 2025/26 ni pauni 411 kwa mwezi kama wanakusaidia na kodi ya nyumba au 684 kama hawakusaidii, lakini dada alishakipita siku nyingi kwa hiyo nyongeza yote inaliwa tangu pauni ya kwanza. Asilimia 55 ya 144 ni 79 na senti 20. Toa. Zinabaki pauni 64 na senti 80.

Niliiangalia hiyo namba nikaweka kalamu chini. Kwenye pauni 200, mkononi 64.80. Nikachukua kalkuleta nikagawanya 200 kwa tatu, 66.67. Yaani dada yangu kwenye nyongeza yake hata theluthi haijafika! Angekuwa mteja amekuja dirishani kwangu ningemwambia mama samahani siwezi kukukata zaidi, umeshavuka.

Na hapo bado. Hapo hujaweka mchango wa pensheni, hujaweka kwamba halmashauri za kule zinatoza kodi ya makazi na mwenye kipato kidogo anapunguziwa, kipato kikipanda na lile punguzo nalo linaweza kushuka. Kule kwao wanasema Universal Credit iliwekwa hivi makusudi ili kazi iwe na faida, na kweli hapo mwanzo ilivyoanza 2013 walikuwa wanakata senti 65 kwa kila pauni, 2017 ikawa 63, mwisho wa 2021 ndo ikashuka kuwa 55. Kwa hiyo ni kweli inapungua. Na mimi sisemi posho isishuke, mtu akiinuka ni haki apishe mwenzake aliyeko chini, ile ni hela ya walipa kodi. Ninachosema ni kwamba mshahara wa mtu mwenye posho sio mshahara wa mtu asiye na posho, hata kama slipu zao zinafanana kila herufi. Aliye na posho akipanda anapanda huku ameshikwa mguu.

Sasa nikaelewa na kitu kingine ambacho kilitugombanisha zaidi, cha Januari.

Dada halipwi kwa mwezi, analipwa kila wiki nne, Ijumaa. Wiki nne sio mwezi. Kwa mwaka anapata mishahara 13 badala ya 12. Sisi huku tulikuwa tunaona hiyo ni bahati, kaka alikuwa anaiita mshahara wa Yesu kwa sababu huwa inaangukia Krismasi. Lakini Universal Credit yenyewe inahesabu kwa mwezi, na mwezi wake unaanza tarehe 12 unaisha tarehe 11. Miezi kumi na moja mshahara mmoja unaingia ndani ya kipindi. Mwezi mmoja inaingia miwili. Mwaka jana alilipwa tarehe 13 Disemba, na uliofuata tarehe 10 Januari, yote miwili imo kati ya 12 na 11, mfumo ukaona huyu mama mwezi huu kaingiza mara mbili, ukakata kama mtu aliyeingiza mara mbili.

Wakati huo kabla hajapandishwa mshahara wake wa wiki nne baada ya makato ulikuwa kama pauni 1,500. Asilimia 55 ya hizo ni 825. Kwa hiyo posho yake iliyotakiwa kuingia katikati ya Januari ilishuka kwa pauni 825 zaidi ya kawaida, kutoka kama elfu moja na sitini ikabaki mia mbili na kitu. Na ile ya Disemba alishaitumia Disemba! Alimnunulia mama blanketi, alituma hela ya mbuzi, aliwapa watoto wake Krismasi, kwa sababu mkononi ilikuwepo. Januari ikafika mwenye nyumba anadai, posho haipo, na huku Moshi shule zinafunguliwa kaka anamwandikia "dada ile ya ada vipi, si ulilipwa mara mbili".

Aliniambia hiyo wiki alikuwa anakula pale pale kazini chakula cha wazee kilichobaki ili cha nyumbani kiwatoshe watoto. Hakutuambia. Aliandika kwenye grupu "mwezi huu sina vizuri jamani", na sisi tukasoma "sina" ya mtu aliyelipwa mara mbili.

Kosa la nani hapo? Sioni wa kumnyooshea kidole. Mwajiri amelipa siku yake, hesabu imefuata kanuni yake, dada katumia hela yake, kaka kadai ada ya mtoto. Kila mmoja yuko sawa afu mtu mmoja analala njaa. Kwa wanaolipwa kwa mwezi waliokuwa wanaangukia siku mbaya, kama mwisho wa mwezi ukiwa Jumamosi wanalipwa mapema, kina mama wanne walienda mahakamani wakashinda rufaa mwaka 2020 na kanuni ikarekebishwa kwao. Wa wiki nne bado wako vile vile, wanaambiwa wapange bajeti. Kupanga bajeti ni neno jepesi sana kulisema ukiwa hujawahi kuwa na watoto wawili na mwenye nyumba mmoja.

Kitu kimoja hakijamsumbua dada ni Child Benefit, hiyo ni posho ya watoto peke yake, tofauti na ile nyingine, kwa mwaka wa 2025/26 ni pauni 26 na senti 5 kwa wiki kwa mtoto wa kwanza na 17 na senti 25 kwa kila anayefuata. Hiyo haiguswi mpaka mtu avuke pauni 60,000 kwa mwaka, na hapo inaanza kurudishwa kwa njia ya kodi asilimia moja kwa kila pauni 200 anazozidi, akifika 80,000 imekwisha yote. Dada yuko mbali sana na huko. Lakini alinieleza kitu nikashangaa, hawaangalii kipato cha nyumba, wanaangalia mtu mmoja mwenye kipato kikubwa. Baba na mama wakiingiza 59,000 kila mmoja, nyumba nzima 118,000, wanachukua posho yote. Jirani yao anayelea peke yake akiingiza 80,000 hachukui hata senti. Nimejaribu kutafuta mantiki yake, naona ni urahisi wa kukusanya tu, haki hapo siioni, na wanaolea peke yao ndo wanaoumia kama kawaida.

Tofauti kubwa ambayo nataka mtu ashike hapa ni kati ya mteremko na ukingo. Senti 55 ni mteremko, unauma lakini unashuka nao taratibu. Ukingo ni ile unazidisha kidogo unapoteza vyote. Kule kuna posho ya mtu anayemhudumia mgonjwa au mlemavu nyumbani masaa 35 kwa wiki, inaitwa Carer's Allowance. Mpaka Aprili 2025 ulikuwa unaruhusiwa kuingiza kazini pauni 151 kwa wiki, ukifika 151 unapata posho yote, 81 na senti 90, ukizidisha hata pauni moja hupati kitu. Aprili hiyo wakainua kiwango kuwa 196 lakini ukingo uko pale pale. Dada anasema kuna mama anasali naye, anamuuguza mume, akiombwa kuongeza zamu anakataa sio kwa uvivu, anahesabu vidole. Na chakula cha shule ni hivyo hivyo, mdogo wa dada ana miaka sita anakula bure kwa sababu madarasa yale ya chini England wote wanakula bure, mkubwa ana kumi anabeba kutoka nyumbani, maana familia ya Universal Credit ikivuka pauni 7,400 za kazi kwa mwaka chakula cha bure kinakatika. Serikali imesema kuanzia Septemba 2026 wote walio kwenye Universal Credit watakula bila kuangalia hiyo 7,400. Dada aliniambia hiyo habari kwa furaha kuliko alivyoniambia ya kupandishwa cheo.

Nilipoanza kuelewa hivyo nikaanza kuona ukingo kila mahali hapa kwetu.

Jirani wa mama kule Kibosho ni bibi analea wajukuu watatu, yuko kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, ule ulioanza 2012. Mnaujua, majina yanatajwa kwenye mkutano wa kijiji, kaya inajaziwa dodoso, watoto waende shule wasipungue asilimia 80 ya mahudhurio, wadogo wapelekwe kliniki. Ile awamu ya mwanzo kaya ilikuwa haizidi 38,000 kwa mwezi hata ungekuwa na watoto wangapi, na inakuja kila baada ya miezi miwili. Hela ndogo ukiisikia, lakini bibi yule alinunua kuku wawili wakawa kumi na nne, akauza akanunua mbuzi. Kijijini hakuna slipu ya mshahara, kwa hiyo kipato kinaangaliwa kwa vitu, nyumba ikoje, mnaishi wangapi, mna nini. Na kaya ikionekana imeinuka inahitimu, ndo neno lenyewe, kuhitimu, kama shule.

Bibi alikuwa na bati nane mpya zimesimamishwa ukutani ndani chumbani kwake, nyuma ya kitanda. Niliziona kwa macho yangu nilivyoenda kumpelekea sukari. Zimefunikwa na kanga. Juu ya kitanda hicho hicho kuna ndoo inakinga maji. Nikamuuliza bibi mbona bati unazo na mvua inakunyeshea? Akaniambia, "Nikiziweka juu wataziona, na hawa watoto bado wadogo."

Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba bati nane zitamtoa. Labda zisingemtoa kabisa. Lakini alivyoona yeye, upo ndani au upo nje, katikati hapana, na mtu anayejua kuna ukingo mbele haendi karibu nao hata kama kuna maua. Baadaye mama alimshawishi, walizipiga mwezi wa nane, vijana wa kanisani ndo walipanda. Kila nikipita nikaona lile paa linang'aa moyo unaniruka, namwombea isije ikamgharimu.

Na ukingo mwingine ni wa kwetu sisi wenyewe, wa ukoo. Huu hauna sheria wala ofisi.

Mwaka 2016 mimi nilikuwa kibarua hapa hapa Moshi, sehemu nyingine, napokea 250,000 mkononi bila makato, na dada alikuwa ananitumia 150,000 kila mwezi ya kodi ya chumba na maziwa ya mtoto. Jumla laki nne. Nikapata ajira ya kudumu, mshahara 420,000, nikampigia dada nikilia kwa furaha. Na yeye akafurahi, akasema ashukuriwe Mungu sasa unajitegemea, na mwezi ule ule akaacha kutuma, akaielekeza kwa kaka aliyekuwa anasoma ufundi. Sikumlaumu, ilikuwa zamu ya mwenzangu. Lakini mshahara wa kwanza ulivyotoka, NSSF asilimia kumi, 42,000, PAYE, yaani kodi ya mshahara, ya wakati ule kama 20,700, nikabaki na 357,000 na kitu. Kutoka laki nne kwenda 357,000! Nimepanda cheo nimeshuka kipato, na siwezi kumwambia mtu, maana nyumbani tayari walikuwa wameniandika kwenye orodha ya wanaotoa, mama ameniambia sasa na wewe utakuwa unashika dawa za presha.

Miezi mitano nilikula mkopo. Kama dada angenipunguzia taratibu, mwezi huu mia, ujao hamsini, ningevuka salama. Hakujua. Mimi sikusema. Yeye mwaka huu hakusema, na mimi nikarusha maneno.

Ndo maana nilivyomaliza zile hesabu nilipiga picha ile karatasi ya nyuma ya fomu nikaiweka kwenye grupu, nikaomba ruhusa ya dada kwanza. Nikaandika kila mstari kwa Kiswahili, 200 toa 40 toa 16 toa 79.20. Grupu lilikaa kimya saa nzima. Kaka akaandika "hii ni kweli?" Nikamwambia njoo ofisini nikuonyeshe, na alikuja, na pikipiki yake akaipaki nje, akakaa pale kwenye benchi la wateja akazipiga upya kwenye simu yake mara mbili. Alivyoinuka alisema tu, "Kumbe alikuwa anatutumia kutoka kwenye sitini na nne." Afu akatoka nje akampigia.

Baba mdogo ndo alinishangaza. Alinipigia jioni, sauti ya chini, akasema mwanangu mimi nimechimba mfereji maisha yangu yote, najua maji yakitoka kwenye banio yamejaa hayafiki yamejaa, njiani udongo unakunywa, mashimo ya panya yanakunywa, mbona hili sikuliwaza.

Mwezi wa saba tulikubaliana kwa simu wote, dada akiwa mapumziko ya zamu. Hela ya mama ya dawa tumeigawa upya, dada anatoa pauni 20 na haipandi mpaka yeye mwenyewe aseme, kaka elfu kumi na tano, mimi elfu thelathini, mdogo wetu akipata kibarua ataingia kwa elfu tano tano, hatutampa mzigo wote siku moja kama nilivyopewa mimi. Mtu akipata nafuu tunakaa miezi mitatu kwanza kabla ya kumgusa. Hiyo ya miezi mitatu niliing'ang'ania mimi na sikukubali ishuke.

Juzi nimechukua kalenda ya ukutani nimehesabu Ijumaa za dada. Atalipwa tarehe 12 Disemba, afu tarehe 9 Januari. Yote mawili yanaangukia ndani ya kipindi kimoja tena, na kwa mshahara wa sasa makato yatakuwa makubwa kuliko ya mwaka jana. Nikampigia kumwambia, akasema anajua, ameshaanza kuweka pembeni, na Krismasi hii hatatuma ya mbuzi. Nikazungushia hizo tarehe kwa kalamu nyekundu, nikaipiga picha nikaiweka kwenye grupu, nikaandika: Januari ada na dawa ni za kwetu sisi tuliopo huku, dada asiulizwe.

Mama hajui kuandika sana kwenye simu. Aliniagiza Jumamosi nipite, nikamkuta ameshauza mikungu miwili Kiboroloni, akanipa 20,000 imekunjwa kwenye leso, akasema iweke kwenye hiyo ya Januari.